Rais, Gaidi na Mifuko ya Mbolea

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuandika rangi ya uzi. Ningeweza kuandika "uzi" nikaishia hapo, au ningeuita mweupe, kama nyuzi za mifuko ya mbolea zilivyo karibu kila mahali. Niliandika mwekundu kwa sababu ulikuwa mwekundu kweli, na wakati ule niliamini kwamba mwandishi anayebadilisha kitu alichokiona kwa macho yake ni mwongo. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Sikuwa nimechapisha hata ukurasa mmoja, na tayari nilikuwa na kanuni.

Uzi huo ulikuwa wa duka la pembejeo la pale Ipogolo, kando ya barabara kuu. Mwenye duka alikuwa Mhindi, Mwislamu, mzaliwa wa Iringa kama baba yake kabla yake, na Kihehe alikijua kuliko mimi. Baba yangu alikuwa bwana shamba wa serikali. Alipostaafu hakujua aende wapi asubuhi, akaendelea kwenda alikokuwa anakwenda siku zote, kwenye benchi la duka lile. Mkulima akija kuuliza mbolea ipi ya kupandia na ipi ya kukuzia, mzee wa duka alikuwa anamwelekezea baba kidole: "Muulize serikali huyo. Mimi muuzaji, nitakudanganya." Wakulima walikuwa wanacheka, halafu wanamuuliza baba kweli.

Waliitana mtani. Utani wetu unakwenda kwa makabila na Wahindi hawamo, lakini wao walijitengenezea wa kwao na hakuna aliyewauliza.

"Mtani, leo umepunguza ndevu. Unataka kuoa?"

"Nikioa nakuchukua wewe uwe mpishi. Si huna kazi?"

"Nitapika, lakini pilipili utaikoma."

Nilikua nikiyasikia hayo. Nilipomaliza kidato cha nne na matokeo yakawa yale yaliyokuwa, nilipata kazi kwenye steshenari huko juu mjini, nikawa nawachapia watu barua za kuomba kazi na mikataba ya viwanja. Uandishi nilijifunza mwenyewe, kwenye vitabu vya mitumba vilivyokosa majalada nilivyokuwa nanunua karibu na soko. Vingine vilikosa hata kurasa za mwisho. Nadhani ndiyo maana hadi leo sijui vizuri hadithi inatakiwa kuishaje.

Riwaya yangu ilihusu mtu aliyekuwa rais bila kutarajia. Nchi niliitunga. Rais na makamu wake wanauawa kwa mlipuko kwenye sherehe uwanjani, na anayebaki kushika nchi ni spika wa bunge, bwana shamba wa zamani, mtu mpole aliyepewa uspika kwa sababu kambi mbili kubwa zilikataa kukubaliana, na yeye hakumtisha mtu. Anaapishwa kwenye ukumbi wa shule, amevaa koti la kuazima. Magaidi wanaendelea kulipua madaraja. Majenerali wanamtaka anyamaze, aseme kila kitu kinakwenda sawa, awakamate watu wa mkoa mmoja wote. Katika sura ya tano anasimama mbele ya taifa, anakohoa, halafu anasema ukweli, hata ule unaoiaibisha serikali yake mwenyewe.

Kukohoa kule kulikuwa kwa baba. Baba hajawahi kusema jambo zito bila kukohoa kwanza.

Nilikuwa na ugonjwa wa usahihi. Sura ya kwanza niliiandika upya mara kumi na tisa. Nilikwenda kusoma katiba ili nijue nani anamfuata nani, ingawa nchi ilikuwa ya kutunga na ningeweza kuipa katiba yoyote. Nikituma sura halafu nikakuta koma imekaa pasipo pake, moyo ulikuwa unakwenda mbio kama vile nimeiba. Sura nilizituma kwenye kundi la WhatsApp, moja kila Jumapili baada ya ibada, na kwa saa mbili za kwanza sikuweza kula. Nilishika simu tu, nikisubiri mtu aone kosa.

Shida ilikuwa kwamba sikuwahi kuona ikulu wala gaidi. Ikulu niliijenga kwa korido za ofisi za mkoa, ambako niliwahi kupeleka barua. Gaidi niliyekuwa naye kichwani alitoka kwenye kibanda cha video, kwenye filamu zile ambazo msimulizi anaongea Kiswahili juu ya sauti za wazungu. Ndevu na tasbihi nilizitoa huko. Kilichobaki ni mahali pa kumweka, pahali ninapopajua kwa kila msumari, maana bila hivyo nisingeweza kuandika. Nikamweka kwenye duka la mtani wa baba.

Nalisema hili mapema kwa sababu nikichelewa nitalipamba. Mkabala na duka lile palikuwa na duka lingine la vifaa vya ujenzi, la Mkatoliki mmoja, tena mimi nilikuwa nalijua vizuri vilevile. Nilibeba saruji pale likizo mbili nikiwa shule. Halikunijia akilini hata mara moja. Nilijiambia nimechagua duka. Nilikuwa nimechagua mtu.

Katika sura ya saba, gaidi anafungua mifuko ya mbolea, anapunguza iliyo nzuri kwa ajili ya kazi zake mbaya, anajazia chokaa na mchanga, halafu anaishona upya kwa sindano kubwa iliyopinda kidogo na uzi mwekundu wa nailoni. Wakulima wananunua, wanapanda, mahindi yanatoka ya njano, na nchi inaanza kuwa na njaa huku rais mpya akihangaika na madaraja. Niliipenda sura ile. Niliona nimegundua ugaidi ambao hakuna mwandishi aliyewahi kuufikiria.

Sindano ilikuwepo. Uzi ulikuwepo. Mifuko hupasuka kwenye malori, na mzee wa duka alikuwa na kawaida ya kuishona mwenyewe, ameketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, akizungumza na baba, kwa uzi aliouchukua bunda zima kwa fundi viatu. Akimaliza kushona alikuwa anauweka mfuko kwenye mizani. Ukipungua, alikuwa anaujazia kutoka kwenye mfuko wa akiba uliokaa nyuma ya mlango kwa kazi hiyo tu. Nimemwona akifanya hivyo tangu nikiwa mdogo kiasi cha kukalishwa juu ya mizani hiyo kwa kufurahishwa. Sehemu ya mizani sikuiandika.

Kundi lililipuka. "Kaka unatisha!" "Huyu gaidi duka lake mbona nalijua, hahaha." Baba aliisoma riwaya kwenye simu yangu, miwani imeshuka puani, kidole kikisukuma maneno juu taratibu.

"Huyu rais wako anakohoa kama mimi," alisema.

"Watu wote wanakohoa, baba."

"Hmm." Alikuwa anatabasamu, na alijitahidi nisione. Alipofika sura ya saba alisoma mpaka mwisho, akavua miwani. "Mtani wangu umempa kazi mbaya."

"Si yeye, baba. Ni hadithi."

"Najua ni hadithi. Nitamwambia amekuwa gaidi."

Akamwambia kweli, kesho yake. Kwa majuma mawili ukawa ndio utani wa mtaa. Baba alikuwa anaingia dukani na kusema, "Kamwene, gaidi," na mzee anamjibu kwa salamu ileile ya Kihehe, "Kamwene, mheshimiwa rais. Chai ya gaidi ina tangawizi, utaweza?" Vijana waliokuwa wanaosha malori walimpigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara, naye aliwapungia mkono kama mgombea. Mimi nilipita pale nikitoka kazini na kifua kimejaa. Nilidhani hiyo ndiyo furaha ya mwandishi, kuona maneno yako yanatembea mtaani kwa miguu yao.

Sijui nani alizikata aya tatu za sura ya saba na kuzibandika kwenye kundi la wakulima wa nyanya na mahindi. Alizibandika bila kichwa cha habari, bila jina la riwaya, bila rais. Mtu mwingine akazisoma kwa sauti, akarekodi. Niliisikia rekodi ile baadaye, dukani kwa mtu. "Ndugu wakulima, sikilizeni hii kwa makini, msije mkasema hamkuambiwa." Alisoma vizuri sana. Alipumzika pale nilipoweka koma.

Habari ilipofika vijijini, gaidi alikuwa ameshapotea. Hakuna aliyeamini habari ya ugaidi. Ukimwambia mtu wa kwetu kwamba yule mzee aliyemkopesha mbegu baba yake analipua madaraja, atakucheka. Lakini mwambie kwamba mbolea imechakachuliwa. Watu wamewahi kuuziwa mbegu zisizoota na dawa iliyo maji matupu, wamekaa msimu mzima wakilitazama shamba na kujilaumu. Huyo hatakucheka. Atakwenda stoo na tochi. Walikwenda, na baadhi yao wakakuta mifuko ya mwaka jana, mitupu, ina mshono wa uzi mwekundu pembeni.

Laiti ningeandika mweupe, wasingekuta kitu.

Siku ninayoikumbuka ni ya Novemba, asubuhi, wiki ambazo kila mtu hununua mbolea kwa kungojea mvua. Duka lilikuwa na watu saba au wanane na hakuna aliyekuwa ananunua. Mimi nilipita kumpelekea baba dawa zake za presha alizosahau nyumbani. Mama mmoja wa vijiji vya juu aliingia nyuma yangu, amebeba mfuko mtupu uliokunjwa kwenye kanga. Akautandaza juu ya kaunta.

"Kamwene."

"Kamwene, mama. Karibu. Ya kupandia?"

"Sijaja kununua. Nimekuja kuuliza. Uzi huu ni wako?"

Mzee wa duka aliuinamia. "Wangu. Mfuko ulipasuka njiani, nikaushona."

"Mahindi yangu mwaka jana yalikuwa ya njano mpaka yanatoa mbelewele."

"Mwaka jana mvua ilikata mapema, mama. Ya kila mtu yalikuwa—"

"Sijauliza mvua. Nimeuliza uzi."

"Kaza hapohapo, mama!" mmoja akasema nyuma, na wengine wakacheka. Kilikuwa kicheko cha watu wanaosubiri.

Mzee hakukasirika. Alikuwa bado anaamini ni jambo dogo. Aligeuka kwenye benchi. "Mtani, hebu mwambie. Umekaa hapo miaka yote ninashona. Mwambie nikishona nafanya nini."

Baba alikohoa. Watu wakanyamaza kabisa, kwa sababu neno la bwana shamba huko kwetu bado ni neno, hata akiwa amestaafu. Wengi wa wale waliokuwa pale walipanda walichopanda kwa kuambiwa na yeye. Akasimama, na kabla hajafungua mdomo akanitazama mimi, nimesimama mlangoni na mfuko wa dawa zake mkononi. Nilielewa anachofikiria. Angemtetea rafiki yake, swali la pili lingekuwa: sasa nani alitunga uongo huu? Na nusu ya watu wale walikuwa wananifahamu.

"Mambo ya mbolea yana wataalamu wake," baba alisema. "Mama, upeleke mfuko wako ofisi ya kilimo. Watapima."

Ilikuwa sentensi safi, ya kiofisi. Nisingeweza kuisahihisha popote.

Yule mama akaukunja mfuko wake polepole. "Mmesikia," akawaambia wenzake, bila kupandisha sauti. "Hata bwana shamba hajasema hapana." Wakatoka naye mmoja mmoja. Mzee wa duka alibaki ameegemeza viganja vyote viwili kwenye kaunta, anamtazama baba, na baba alikuwa anazitafuta dawa kwenye mfuko wangu kana kwamba ziko nyingi.

Kesho yake mzee aliniita. Nilimkuta amechapishiwa sura ya saba nzima, na nilizitambua herufi: ilichapwa kwenye steshenari yetu siku ya zamu ya mwenzangu. Alikuwa na kalamu ya bluu, na pembezoni mwa kurasa alikuwa ameandika.

"Kaa," alisema. "Hapa umeandika mlango wa stoo ni wa kijani. Ni wa kijani huo?"

"Bluu, mzee."

"Na feni. Umesema mapanga manne. Hesabu."

Nilihesabu. Yalikuwa matatu. Nitasema ukweli, maana nimeahidi kusema: niliona aibu ya feni kabla ya aibu nyingine yoyote. Uso uliniwaka. Nilifikiria namna ya kurekebisha na kutuma upya.

"Na hapa," akaweka kidole. "Gaidi amemaliza kushona. Mimi nikimaliza kushona huwa nafanya nini?"

"Unapima."

"Halafu?"

"Unajazia."

"Mbona hujaandika?"

"Ingepunguza kasi, mzee."

"Kasi ya nini?"

"Ya hadithi."

Akaifunga kalamu kwa kifuniko chake. "Mwanangu, kuniita gaidi ni utani, nimeucheka. Hili la mizani sicheki. Andika leo. Usiandike sana. Waambie wewe ndiye uliyetunga, na waambie unachoniona nafanya nikishona. Mistari mitatu. Watu wananunua mbolea mwezi huu, mwezi ujao hawanunui."

"Leo hii, mzee."

Nilimaanisha. Nilikaa chini siku hiyohiyo nikaandika mistari mitatu. Mstari wa pili ulikuwa na "kwamba" mbili. Nikaurekebisha, ukawa mkavu, ukasikika kama tangazo la msiba. Niliona nikituma kitu kama kile watu wataniona sijui kuandika, na nikionekana sijui kuandika, nani ataniamini? Kesho yake nikaanza na maelezo ya tofauti kati ya hadithi na habari. Siku ya tatu nikaweka kumbukumbu ya kukalishwa kwenye mizani, ikanitoa machozi, nikaitoa kwa sababu niliona ninajionyesha. Siku ya tano nikairudisha. Wateja wa steshenari walikuwa wanasimama mbele yangu na vitambulisho mkononi na mimi ninahamisha aya. Baba aliniuliza mara moja tu, wakati wa kula: "Umetuma?" Nikamwambia bado kidogo. Hakuuliza tena.

Nilituma siku ya tisa. Ilikuwa ukurasa mmoja na nusu na haikuwa na kosa hata moja la uandishi. Nimeisoma tena wiki hii, kweli halimo. Mtu wa kwanza kujibu aliandika, "Ndefu mno kaka." Wa pili aliuliza, "Hii ni sura mpya?" Wa tatu aliweka alama ya makofi. Hakuna aliyeipeleka kwenye kundi la wakulima, na nilipoipeleka mwenyewe nilikuta mvua za kwanza zimeshanyesha na watu wanatumiana picha za mashamba. Mbolea walikuwa wamenunua mjini, kwa wengine.

Mzee hakugombana na mtu. Mifuko iliyobaki aliichukua mfanyabiashara mwenzake, na mwezi wa pili duka likafungwa, yeye na mkewe wakahamia Mbeya kwa mtoto wa kaka yake, ambaye ana duka la vitambaa. Siku lori lilipopakia vitu vyao baba alikuwa nyumbani, anapalilia bustani iliyokwisha kupaliliwa. Hakunigombeza. Siku moja tu, akiwa ananawa mikono, alisema, "Wewe uliandika kwa bidii sana," na sikujua kama ni sifa. Hadi leo sijui.

Mwezi wa sita nilipanda basi kwenda Mbeya. Nilikuwa na barua ya kuomba radhi, kwa mwandiko wangu, na nilikuwa bado naisahihisha juu ya goti. Basi liliposimama Igawa wachuuzi wakanyanyua mahindi ya kuchemsha na vitunguu mpaka madirishani, na mama mmoja akaniambia, "Wewe msomi, nunua basi, utaandika umeshiba," watu wakacheka. Nilitazama ile karatasi. Ilikuwa na mistari iliyokatwa mingi kuliko iliyobaki. Nikaikunja, sikuitoa tena.

Mbeya kulikuwa na baridi ya kuuma masikio. Nilimkuta ameketi kwenye kiti kirefu nyuma ya meza ya kukatia vitambaa, amevaa sweta, amekonda. Alikuwa anampimia kitenge bibi mmoja wa Kinyakyusa.

"Ndaga," akamshukuru bibi kwa lugha yake, akimkabidhi kitambaa.

"Eti ndaga!" bibi akamcheka. "Mhindi gani wewe, unaongea Kinyakyusa kama Mhehe."

"Ndiyo nilivyo, bibi. Mhehe," akajibu, na bibi akatoka anacheka. Yeye hakucheka. Akaniona.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja na basi?"

"Ndiyo." Halafu nikasema yote kwa mkupuo, vibaya, bila mpangilio: kwamba samahani, kwamba mimi ndiye, kwamba siku tisa zile nilikuwa naandika kweli, sikuwa nimesahau. Alinisikiliza huku anakunja kitambaa.

"Wewe nilishakusamehe," alisema. "Kijana akiandika upuuzi, ameandika upuuzi. Ningekulaumu wewe ningekuwa mtoto mwenzako." Akakiweka kitambaa kwenye rafu, akarudi kukaa. "Nikuulize kitu. Yule rais wako. Sura ya tano. Majenerali wanamwambia nyamaza, yeye anasimama mbele ya watu wote anasema ukweli. Ulimtoa wapi?"

"Kwa baba."

"Nilijua. Nilisoma mara mbili sura ile, nikamsomea na mke wangu." Aliinua futi ya kupimia, akaiweka tena. "Kwa hiyo siku ile mama yule aliponiletea mfuko, mimi sikuogopa. Baba yako alipokohoa nikasema, haya, sasa anasema. Nilikuwa namngojea, unaelewa? Neno moja tu. 'Huyu anapima.' Wangekwenda nyumbani."

"Alikuwa ananilinda mimi, mzee."

"Najua. Mimi pia nina watoto. Ndiyo maana sina la kumlaumu." Akaisukuma futi pembeni. "Ila na la kumwambia sina."

Akaja mteja mwingine. Nilikaa hadi nikaona kukaa kwangu ni mzigo, nikaaga. Kwetu mtu haondoki nyumba ya watu bila kupewa salamu za kupeleka. Hata watu waliokosana hutumiana salamu, ni kama kufunga mlango vizuri. Nilisimama pale mlangoni muda mrefu kuliko inavyostahili, nikimpa nafasi. Akasema, "Safari njema, mwanangu. Funga koti, kuna baridi." Hakusema neno jingine.

Baba alikuwa ananisubiri nje ya nyumba. Hakuuliza habari za safari.

"Kanisalimia?"

Njia nzima kutoka Mbeya nilikuwa nimetunga salamu. Nilikuwa nazo tatu, moja bora kuliko nyingine, na moja ilikuwa na utani ndani yake, kuhusu chai na tangawizi, wa kufanana naye kabisa. Baba angeamini. Ningemwona akivua miwani kwa furaha.

"Hapana, baba," nikasema.

Alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeletewa majibu ya hospitali ambayo alikwisha kuyakisia. "Alisema nini?"

"Alisema alikuwa anakungojea useme."

Baba alikohoa. Nilisubiri. Halafu akainuka, akaingia ndani, nikamsikia anahamisha sufuria jikoni bila sababu.

Huu ni mwaka wa tatu. Pale dukani sasa wanauza vipuri vya pikipiki. Baba ananunua mbolea yake mjini na hakai, anachukua, anarudi. Hajakwenda Mbeya, na mzee hajarudi Iringa, na hakuna anayempigia mwenzake simu. Riwaya niliiacha katika sura ya kumi na moja, rais wangu akiwa hai na gaidi hajakamatwa, kwa sababu kila nikimfikia huyo gaidi naona sweta na futi ya kupimia. Aya zile tatu bado zinazunguka. Novemba iliyopita mtu alinitumia mimi mwenyewe, akaniambia nijihadhari. Bado nasahihisha kila ninachoandika, na bado moyo unakwenda mbio nikiona koma pasipo pake. Kilichobadilika ni kimoja: nikimkosea mtu siku hizi, nasema siku hiyohiyo, na sentensi naileta mbaya kama ilivyo.